Kindu: Nguvu za mwanaume hazitoki ndani ya chupa

KINDU, Maniema – Jioni, wakati mitumbwi ya mwisho inavusha watu kurudi Alunguli, ngambo ya mto Lualaba, kuna biashara inayochangamka kwenye barabara za Kasuku na Mikelenge. Juu ya meza ndogo, chini ya mwanga wa tochi, wauzaji wanapanga mizizi, maganda ya miti, unga uliofungwa ndani ya karatasi, chupa ndogo zenye maji ya kahawia, na pembeni yake vidonge visivyo na boksi wala karatasi ya maelezo. Hawana haja ya kupaza sauti. Mwanaume akisimama pale, wote wanajua anatafuta nini: nguvu.

Zamani mnunuzi wa dawa hizi alidhaniwa kuwa mzee. Leo anaweza kuwa motari aliyemaliza kazi, mwanafunzi, ao mchimbaji aliyerudi kutoka Kailo ao Pangi na franka kidogo mfukoni. Wengine hawana ugonjwa wowote. Wanaogopa tu kuaibika mbele ya bibi. Wengine wana ugonjwa kweli, lakini si ule wanaoufikiria. Na wengine, walio na kiu ya mtoto, wanakunywa ao kudungwa kitu kinachowafungia mlango wa uzazi.

Siku hizi kuna neno jipya linalotajwa kwenye simu na kwenye farmasi: testosteroni. Wauzaji wanasema wanaipandisha. Wanganga wanasema mwili wenyewe ndio unaoitengeneza, na kwamba mwanaume mwenye afya anaweza kuisaidia bila kununua chupa yoyote. Ili kuelewa ni nani mwenye haki, tuanze na mwili.

Inatengenezwa wapi?

Testosteroni ni homoni, yaani ujumbe unaosafiri ndani ya damu. Sehemu kubwa inatengenezwa ndani ya korodani, lakini amri inatoka kichwani. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayoitwa hipofisi. Tezi hiyo inapoona homoni imepungua, inatuma amri korodani zitengeneze. Inapoona imejaa, inanyamaza. Ni kama mama jikoni anayeangalia sufuria: maji yakipungua anaongeza, yakijaa anaacha.

Kazi ya homoni hii ni kubwa kuliko mambo ya chumbani. Ndiyo inayobadilisha sauti ya kijana na kumwotesha ndevu. Inajenga misuli na mifupa, inasaidia kutengeneza damu, inaleta hamu ya kukutana na bibi, na bila yake mbegu za uzazi hazikomai. Inapanda na kushuka kila siku: inakuwa juu asubuhi, inashuka jioni. Na kuanzia miaka 30 ao 40 inapungua polepole, karibu asilimia 1 kila mwaka. Huo si ugonjwa, ni umri.

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kwa Kiswahili chetu tunasema « nguvu » kwa mambo matatu tofauti: hamu ya kukutana na bibi, uume kusimama, na uwezo wa kuzaa. Testosteroni inahusika sana na hamu. Kusimama kunategemea zaidi mishipa ya damu, neva na utulivu wa moyo. Kuzaa kunategemea mbegu. Mwanaume anaweza kuwa na testosteroni ya kutosha na uume usisimame, kwa sababu ana ugonjwa wa sukari. Mwingine anaweza kusimama vizuri kabisa na asiwe na mbegu hata moja. Muuzaji wa barabarani anatoa chupa moja kwa wote watatu.

Somo kutoka msitu wa Ituri

Watafiti hawakujifunza jambo hili Ulaya na Marekani peke yake. Kuanzia miaka ya 1980, wataalamu waliotoka chuo kikuu cha Harvard walifanya kazi katika msitu wa Ituri, hapa mashariki mwa Kongo, kati ya Walese, ambao ni wakulima. Mmoja wao, Peter Ellison, alipima testosteroni kwa kutumia mate, bila kutoa damu. Mwaka 2002, yeye na wenzake walilinganisha wanaume wa Ituri na wanaume wa Marekani, wa Nepal na wa kabila la Ache wa Paraguay.

Walichokiona kinafaa kusikiwa na kila mwanaume anayejilinganisha na mwingine. Tofauti kati ya watu wa nchi hizo ilikuwa kubwa kwa vijana wa miaka 15 mpaka 30. Kwa wanaume wa miaka 45 mpaka 60, tofauti hiyo ilikuwa karibu kupotea. Yaani hakuna kipimo kimoja kilichoandikwa kwa ajili ya wanaume wote wa dunia. Mwili unapanga homoni kufwatana na maisha: chakula kilichopo, kazi inayofanywa, magonjwa yanayozunguka.

Katika nchi jirani ya Tanzania, utafiti uliotolewa mwaka 2009 uliangalia Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma, pamoja na Wadatoga, ambao ni wafugaji. Kwa Wahadzabe, ambao baba anakaa karibu sana na watoto wake wadogo, wanaume wenye watoto walikuwa na testosteroni ndogo kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambao malezi ya watoto wadogo yanaachiwa zaidi mama, tofauti hiyo haikuonekana. Hakuna atakayesema kwamba baba wa Kihadzabe anayembeba mtoto wake ni mgonjwa. Homoni imeshuka kidogo kwa sababu kazi ya wakati ule ni kulea. Namba ndogo peke yake si ugonjwa.

Kuna nini ndani ya chupa?

Dawa nyingi zinazouzwa kama « za asili » zinafanya kazi haraka, na hapo ndipo panapotia mashaka. Mzizi hauna kawaida ya kufanya kazi ndani ya nusu saa. Nchini Marekani, shirika la serikali linalosimamia chakula na dawa, FDA, limekuwa likitoa maonyo mara kwa mara kuhusu bidhaa za « asili » ambazo zilipopimwa zilikutwa na sildenafili, dawa iliyo ndani ya Viagra, bila kuandikwa popote kwenye pakiti.

Sildenafili ni dawa ya kweli. Iliruhusiwa mwaka 1998 na imesaidia watu wengi walioandikiwa na munganga. Lakini haipandishi testosteroni hata kidogo. Inafungua mishipa ya damu kwa saa chache, basi. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za aina ya nitrati, akiichanganya nazo, tansio yake inaweza kushuka ghafla mpaka akafa. Anayekunywa unga usio na jina hajui kama anafanya mchanganyiko huo.

Tramadoli ni hatari nyingine. Ni dawa ya maumivu makali, lakini vijana wengi wanaimeza ili wavumilie kazi nzito ao wachelewe kumaliza tendo. Iko katika jamii moja na mofini. Dawa za jamii hiyo zikitumiwa muda mrefu zinanyamazisha ile tezi ya kichwani, na testosteroni inashuka. Kijana anadhani ananunua nguvu, kumbe anaiuza.

Lakini kosa linaloumiza zaidi ni sindano ya testosteroni kwa mtu anayetafuta mtoto. Inaonekana kama akili nzuri: homoni ya kiume imepungua, tuiongeze. Ila kumbuka yule mama jikoni. Hipofisi ikiona damu imejaa homoni iliyotoka nje, inanyamaza. Korodani hazipati amri tena, zinaacha kazi na zinaweza kunywea. Mbegu zinapungua, kisha zinaisha.

Jambo hili linajulikana vizuri kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani, OMS, lilijaribu sindano hizo kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Matokeo yalitolewa mwaka 1990. Wanaume 271 wenye afya kutoka nchi 7 walidungwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki. Zaidi ya nusu yao walifika mahali ambapo hakuna mbegu hata moja iliyoonekana. Walipoacha, mbegu zilirudi polepole. Kwa kawaida kurudi huko kunachukua miezi mingi, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Kwa hiyo mwanaume anayedungwa ili amzalishe bibi yake anatumia, bila kujua, dawa ya kuzuia mimba. Na mimba ikichelewa, anayesutwa na ukoo ni bibi.

Na mizizi ya wazee? Haifai kuitukana. Mmea wa *Mondia whitei*, unaoitwa mulondo Uganda na mukombero magharibi mwa Kenya, unatafunwa tangu zamani, na umejaribiwa kwa panya katika maabara, hata nchini Kamerun. Lakini panya si mtu, na hakuna utafiti mkubwa kwa wanaume unaothibitisha kwamba unatibu upungufu wa testosteroni. Kola inachangamsha kwa sababu ina kafeini, kama kahawa. Tangawizi ni kiungo kizuri. Kutafuna si vibaya. Vibaya ni kuacha matibabu kwa sababu unatafuna.

Vitu vitano vinavyosaidia mwili

Cha kwanza ni usingizi. Sehemu kubwa ya testosteroni inatengenezwa usiku, mtu akiwa amelala. Mwaka 2011, watafiti wa chuo kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 10 wenye afya saa 5 tu kwa usiku, wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka asilimia 10 mpaka 15. Wiki moja tu! Sasa fikiria motari anayelala kati ya usiku na alfajiri kila siku ya mwaka, ama mlinzi wa usiku anayeshika kazi nyingine mchana. Mtu mzima anahitaji saa 7 ao zaidi. Asiyeweza kuzipata usiku atafute hata usingizi wa mchana, na simu aiweke mbali na kitanda.

Cha pili ni uzito. Mafuta ya tumboni yanageuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, homoni ambayo kwa wanawake ndiyo iliyo nyingi. Tumbo ambalo kwetu linaitwa alama ya utajiri ni adui wa nguvu. Habari njema ni kwamba mwanaume mnene akipunguza uzito, testosteroni inapanda yenyewe.

Lakini njaa nayo inaishusha. Jeshi la Marekani lina mafunzo makali yanayoitwa Ranger: kwa wiki 8 askari wanatembea na mizigo, wanakula kidogo na wanalala kidogo. Watafiti waliowapima walikuta wamepoteza zaidi ya sehemu 1 kwa 10 ya uzito wao, na testosteroni imeanguka mpaka karibu na ile ya mtu asiye na korodani. Walipokula na kulala tena, ilirudi ndani ya wiki chache, bila dawa. Mchimbaji anayeshinda shimoni na chai ya asubuhi tu, ao msukumaji wa baiskeli anayebeba mizigo mizito kwa siku nyingi njiani, wako karibu na askari hao. Kama hamu imepotea, wanachokosa ni chakula na mapumziko.

Cha tatu ni sahani yenyewe. Madini ya zinki ni ya lazima. Katika miaka ya 1960, daktari Ananda Prasad, aliyefanya kazi Iran na Misri, alikutana na vijana wa miaka 20 wenye miili ya watoto wa miaka 10, bila ndevu wala alama za utu uzima. Chakula chao kilikuwa mikate na karibu hakuna kingine. Walipopewa zinki na chakula bora, walikua. Fundisho kwetu ni hili: bugali peke yake, ao wali peke yake, hata ukijaza sahani, hautoshi. Uongezee samaki wa Lualaba, ndagala, mayai, nyama kama ipo, maharagi, karanga, mbegu za maboga, ao viwavi vya msituni. Sombe na lenga-lenga zina nafasi yake, na mafuta ya mawese pia, kwa kiasi. Hakuna haja ya kununua vidonge vya zinki: mtu asiyepungukiwa nayo haongezewi kitu.

Cha nne ni mazoezi. OMS inashauri mtu mzima afanye dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa kawaida kwa wiki, kama kutembea haraka ao baiskeli, na siku 2 za kazi ya misuli. Kindu ni mji wa baiskeli. Wengi wana dawa hii mlangoni. Anayekaa ofisini ao dukani siku nzima ndiye anayepaswa kujiuliza.

Cha tano ni kuacha vinavyoharibu. Pombe nyingi inaumiza korodani na ini. Lotoko na zile pombe kali za chupa ndogo za plastiki zinauzwa kwa picha ya mwanaume shujaa, lakini zikinywewa kila siku zinafanya kinyume chake. Sigara inaziba mishipa ya damu, pamoja na ile midogo ya uume.

Kengele isiyopaswa kuzimwa

Mishipa ya uume ni membamba kuliko ya moyo. Kama mishipa ya mwili imeanza kuziba kwa sababu ya sukari, tansio, mafuta ao sigara, ile membamba ndiyo inayolia kwanza. Ndiyo maana wanganga wanasema mwanaume ambaye uume umeanza kukataa mara kwa mara, hasa akiwa na miaka zaidi ya 40, anapaswa kupimwa tansio na sukari kabla ya kupewa kidonge chochote. Mara nyingine kengele hiyo inalia miaka michache kabla ya moyo kushindwa. Anayekunywa dawa ya meza ya barabarani anazima kengele na kuacha nyumba iendelee kuungua.

Upungufu wa kweli wa testosteroni kwa watu wazima ni nadra kuliko matangazo yanavyosema. Katika Ulaya, utafiti uliotolewa mwaka 2010 ulichunguza wanaume 3,369 wa miaka 40 mpaka 79. Waliokutwa na homoni ndogo pamoja na dalili tatu, yaani hamu kupotea, uume kukataa, na kutosimama tena asubuhi wakati wa kuamka, walikuwa asilimia 2.1 tu. Hiyo dalili ya asubuhi ni rahisi kuifwatilia: kijana anayeamka vizuri lakini anashindwa mbele ya bibi, mara nyingi tatizo lake ni wasiwasi, madeni, ugomvi wa nyumbani ao uchovu. Katika jimbo ambalo watu wameona vita na kukimbia vijiji, moyo mzito ni sababu ya kweli, na mazungumzo ni sehemu ya tiba.

Kupima kuna taratibu zake. Damu inatolewa asubuhi, kati ya saa 1 na saa 4 (7h00 na 10h00), na kipimo kinarudiwa siku nyingine kabla ya kusema mtu ana upungufu. Usipime ukiwa na malaria ao homa nyingine, kwa sababu ugonjwa wowote mkali unaishusha kwa muda. Wataalamu wengi wanachukua nanogramu 300 kwa desilita kama mpaka wa chini, lakini namba bila dalili haitibiwi. Na kama labo ya karibu haina kipimo hiki, usikate tamaa: tansio, sukari na uzito vinapimwa kwenye vituo vingi vya afya, na ndivyo vinavyopaswa kutangulia.

Usichelewe kwa munganga kama korodani zimevimba ao zinauma, kama uliugua matumbwitumbwi ukiwa kijana zikavimba, kama korodani moja haikushuka tangu utoto, ao kama unatokwa na usaha. Magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa vizuri yanaziba njia ya mbegu. Wenye anemia ya SS nao wasiguse dawa za nguvu bila munganga: kwao uume unaweza kusimama kwa saa nyingi na kuuma, jambo linalohitaji hospitali siku hiyohiyo.

Nenda na bibi yako

Mwaka 2023, OMS ilitangaza kwamba duniani, karibu mtu mzima 1 kati ya 6 anapata shida ya kuzaa wakati fulani wa maisha yake. Katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hiyo, mwanaume ana sehemu yake, peke yake ao pamoja na bibi. Kwetu bado mwanamke ndiye anayepelekwa kwa wanganga, ndiye anayerudishwa kwao, na ndiye anayeletewa mwenzake. Kipimo cha mbegu ni rahisi, hakiumi, na kinaweza kufanywa mwanzoni kabisa. Ndoa ambayo imekaa mwaka mzima ikitafuta mimba bila kuipata, waende wote wawili.

Wazee walisema: mficha uchi hazai. Maneno hayo ni ya kila mwanaume anayesimama jioni mbele ya meza yenye tochi. Aibu ya kumwambia munganga inachukua dakika kumi. Sukari isiyojulikana, moyo unaoziba, ao nyumba iliyovunjika kwa sababu ya mtoto asiyekuja, vinachukua maisha. Usiku wa leo, kabla ya kutoa franka zako, jiulize kwanza ulilala saa ngapi, ulikula nini, ulikunywa nini, na ni lini mara ya mwisho ulipimwa tansio.